Wimbo Uliofungiwa Ghalani

Kabla ya mazoezi kuanza, simu zote zilitumbukizwa kwenye ndoo. Ilikuwa ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na Mbuke aliikalia mwenyewe kama kuku anayeatamia, mpaka wa mwisho awe ameingia na mlango umefungwa kwa komeo. Hakuna aliyenung'unika. Au kama yupo aliyenung'unika, alifanya hivyo kwa namna ambayo Mbuke hakuisikia, na hilo lilimkera kuliko kama angetukanwa waziwazi. Siku hizi watu wa kikundi chake walikuwa wamejifunza kunong'ona. Midomo inacheza, vicheko vinatoka, yeye akisogea wananyamaza. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na hawa wote nguo zao za ngoma alizinunua yeye.

Tusimlaumu upesi. Mtu haanzi kulala na jicho moja wazi bila sababu, na sababu ya Mbuke ilitoka Mwakitolyo, kwenye mashindano ya mwaka uliopita.

Ngoma za Usukuma zina sheria yake. Vikundi viwili vinasimama uwanja mmoja, hiki huku na kile kule, vyote vinaimba kwa wakati mmoja, na watu wanakwenda wanakovutiwa. Atakayeachiwa vumbi ndiye aliyeshindwa. Kwa hiyo wimbo mpya, hasa ule wa kumsema mpinzani, hufichwa kama mbegu mpaka siku yenyewe. Mbuke alirithi sheria hiyo kwa baba yake, na alikuwa anakula kwayo. Kwao wale wote kuimba ndiyo jembe: harusi, sherehe za wachimbaji, kampeni wakati wa kampeni, na video zinazouzwa mpaka Geita.

Mwaka ule Mbuke alikuwa na wimbo mtamu. Ulimhusu Jilala, kiongozi wa kikundi cha Bagalu kutoka mjini, ambaye aliambiwa duara lake, shimo lake la kuchimbia, limegonga mwamba wenye dhahabu, akachinja fahali na kualika watu, halafu mawe yalipopelekwa kwenye karasha na kusagwa hayakutoa hata punje. Mbuke alipoanza kuimba umati ulikuwa wake. Alikuwa bado kwenye ubeti wa pili wachezaji wa Jilala wakatokea wamevaa ngozi za ng'ombe na kwato mikononi, wakiimba kwamba fahali yule aliliwa, akashiba mwenye njaa, tena supu yake iliombwa na watu wa Samuye, kijijini kwa Mbuke. Na kweli iliombwa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, wakamwacha Mbuke na vumbi lake.

Ngozi haichunwi na kukaushwa kwa dakika moja. Jilala aliujua wimbo siku nyingi. Nani alimpelekea?

Ndipo Mbuke alipowatoa watu wake uani, walikokuwa wakifanyia mazoezi peupe, akawaingiza katika ghala la zamani la pamba. Kuta nene, paa la bati, madirisha akayaziba kwa magunia. Spika mbili kubwa zikawekwa humo humo, na waimbaji wakasimama mbele yake kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Mbuke kama kiongozi alisimama ubavuni kabisa mwa spika ya kulia. Juliana, mwimbaji wa pili, akasimama ubavuni mwa ile ya kushoto. Sauti haikuwa na pa kwenda. Ilipanda kwenye bati ikawarudia vichwani.

Wakitoka humo, masikio yao yalikuwa yakilia kama nyenze wa kiangazi. Mbuke aliwafundisha kufurahia jambo hilo.

"Masikio yasipolia, hamjaimba," aliwaambia, nao wakawa wanaulizana nje ya ghala, kwa majivuno, "Ya kwako yanalia?" Ambaye yake yanalia mpaka usiku ndiye aliyeonekana amefanya kazi.

Abel, fundi wa mitambo, hakufurahia. Alikuwa mtu mpole mwenye vidole virefu, na siku moja Mbuke alimfuma amebandua nyuzi za pamba kuukuu kutoka ukutani, amezisokota na kuzitia masikioni.

"Abel! Unauzibia masikio wimbo wangu?"

"Mama Luka, sauti ni kubwa mno. Ngoja nipunguze kidogo."

"Upunguze! Mimi hata sijisikii humu, wewe unasema upunguze? Ongeza. Na hiyo pamba itoe mbele yangu."

Abel akatoa pamba, akaongeza. Kesho yake Mbuke akadai tena iongezwe, na keshokutwa vilevile, kwa maana alishakuwa na hakika kwamba Abel anamshushia sauti kwa siri ili aonekane amechuja. Mtu anayeuzibia masikio wimbo wa anayemlisha ana lake jambo. Mbuke aliliweka moyoni.

Lakini aliyemweka moyoni zaidi alikuwa Juliana.

Juliana alikuwa binti wa kaka yake. Mbuke alimlea toka akiwa na meno ya utoto, akamfundisha kuvuta pumzi kutoka tumboni, akamfundisha kumtazama mtu mzima kwa adabu. Sasa binti huyohuyo akisemeshwa anageuza uso. Unamwambia neno, yeye anatazama pembeni, shavu lake liko kwako, macho yake yapo ukutani, kama mtu aliyenusa kitu kibaya. Kisha akaomba kuhama alipokuwa amesimama.

"Shangazi, naomba nisimame kule karibu na mlango."

"Mlangoni kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni hapa tu, karibu na spika... pananichosha."

Mtu anayetaka kukaa karibu na mlango anataka kutoka, au anataka kutoa kitu. Mbuke alikataa. Wiki hiyohiyo Juliana akaomba ruhusa ya kwenda Shinyanga mjini kutafuta kitenge. Alirudi jioni kwa bodaboda, mikono mitupu, macho mekundu, akasema hakupata anachokitaka. Shinyanga mjini nzima, vitenge vimekosekana! Jilala naye anaishi wapi? Mjini.

Mbuke aliumia. Kushuku mgeni ni kazi nyepesi, hata raha kidogo, lakini kumshuku mtoto uliyembeba mgongoni ni kula chakula chenye mchanga. Alijaribu kutomshuku. Alishindwa.

Kilichomaliza maneno kilikuja na mchuuzi wa dagaa kutoka Mwakitolyo. Wimbo wa mwaka huu ulikuwa juu ya ndevu za Jilala: jinsi alivyozipaka rangi nyeusi ili aoe msichana mbichi, jua likawaka siku ya harusi, rangi ikateremka na jasho mpaka kwenye ukosi wa shati jeupe. Wimbo huo haukuwahi kuimbwa nje ya ghala. Mchuuzi akiwa anapima dagaa alisema, kwa kupiga soga tu, kwamba Jilala ameagiza ndevu nyeupe za bandia kwa wachezaji wake wote.

"Ndevu?" Mbuke aliuliza.

"Ndevu, mayu. Za manyoya ya kondoo. Anasema mwaka huu atawachekesha watu wa Samuye mpaka walie."

Mbuke aliacha dagaa wake hapohapo.

Aliwakuta wamekusanyika mbele ya ghala wakisubiri afungue. Midomo yao ilikuwa ikicheza. Alipofika, ikatulia.

"Juliana, mjini ulifuata nini?"

Juliana akageuza uso.

"Nitazame ninaposema na wewe!"

"Nakusikiliza, shangazi."

"Ulifuata nini mjini? Kitenge gani hicho kisichopatikana?"

Juliana alimtazama sasa, macho yakiwa yamejaa. Wenzake waliinamisha vichwa. Wote waliikumbuka siku ya Philomena, mwanamke aliyekuwa ameimba nao miaka mingi, ambaye alianza kukosa kuipata sauti ya kuanzia. Mbuke alimwondoa mbele ya watu, akasema neno ambalo kikundi kizima kilibaki nalo: mwimbaji asiyesikia ni ngoma iliyotoboka, haina hata haja ya kuanikwa juani.

"Nilikwenda kwa shughuli zangu," Juliana alisema hatimaye.

"Basi endelea na shughuli zako. Kwangu umemaliza. Nenda kwa Jilala akakupe ndevu."

Hakuna aliyecheka. Juliana alifungua kanga kiunoni, ile ya sare, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya ndoo ya simu. Kisha akashika njia ya kwenda majarubani, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kukata mpunga na huko hakukosi kibarua. Mbuke alitazama mgongo wake mpaka ukapotea. Alitaka kusikia nafuu. Alichosikia ni nyenze tu, wakilia ndani ya kichwa chake.

Baada ya hapo alitunga ubeti mpya. Kama Jilala ana ndevu za kondoo, Mbuke atamwimbia kwamba kondoo hunyolewa, na mkasi anao yeye. Ubeti ulikuwa mkali, uliwafanya hata wale waliokuwa na huzuni watabasamu. Waliufanyia mazoezi milango imefungwa, simu ndooni, na Juliana hayupo. Sauti Abel aliiongeza tena, maana Mbuke alisema bila Juliana upande wa kushoto umepwaya.

Lakini shaka ni kama upele, ukiukuna unahamia kwingine. Mbuke alianza kufikiri juu ya majarubani. Wanawake wa kijiji kizima wako huko. Dada yake Jilala, aliyeolewa hapahapa Samuye, naye anakata mpunga huko. Binti amefukuzwa, ana uchungu, ana mdomo. Atashindwaje kuwafundisha wimbo, kwa kisasi tu?

Asubuhi moja aliwaambia wenzake anakwenda kwa fundi cherehani. "Rudieni ubeti mpya mpaka nirudi, na mlango usifunguliwe." Wakafunga. Yeye akazunguka nyuma ya zahanati, akapita kati ya mashina ya mtama uliokwisha kuvunwa, akashuka kuelekea majarubani. Alikwenda kwa kunyata, mwanamke mzima, mama wa watu, akiinama nyuma ya vichuguu kama mwizi wa kuku.

Aliwaona kwa mbali wamejipanga mstari. Miundu iliinuka pamoja, ikashuka pamoja, na miganda ya mpunga ikaangukia upande mmoja. Watu wanaokata hivyo wanaimba. Mbuke akasogea, midomo ikaonekana, akasogea tena mpaka sauti ikamfikia.

Ndevu. Rangi. Ukosi wa shati jeupe.

Damu ilimpanda kichwani. Na huyo Juliana, alikuwa mwisho wa mstari, akikata! Mbuke alijitokeza, akavuka tuta, mguu mmoja ukazama kwenye tope, hakujali.

"Mwangaluka, Mama Luka!" aliita Melania, mwenye majaruba, mwanamke mnene mcheshi aliyekua pamoja naye. "Umekuja kutusaidia? Wimbo wako umenoga bwana, mpunga unajikata wenyewe!"

"Nani kawafundisha?"

"Nini?"

"Nimesema nani kawafundisha wimbo huu? Huyu?" Alimnyooshea Juliana kidole.

Melania alitazama kidole, akamtazama Juliana, akaonekana haelewi. "Juliana? Huyu toka aje haimbi hata neno. Anakata mpunga analia. Tumefundishwa na ninyi wenyewe."

"Sisi?"

"Sasa nani mwingine? Kila asubuhi mnatuimbia. Ule wa mwaka jana, wa uani, tulikuwa tunaokota vipande vipande, upepo ukitaka. Tangu mhamie ghalani na mitambo yenu, tunapata kila neno. Hata kunyolewa kwa kondoo tunakujua, tumekuanza juzi." Wanawake wakacheka, na mmoja wao, dada yake Jilala, akainama upesi kufunga mganda ambao ulikuwa umeshafungwa.

Kunyolewa kwa kondoo. Ubeti huo ulizaliwa Juliana ameshaondoka.

"Unanidanganya, Melania. Ghala limefungwa. Madirisha yana magunia."

"Mimi nikudanganye ili iweje? Si hao wanaimba sasa hivi?" Melania aliinua mkono, mstari mzima ukatulia. "Sikiliza."

Wakasikiliza. Mbuke alitazama ng'ambo ya majaruba, kwenye paa la ghala lililokuwa liking'aa mbali. Akasikiliza kwa nguvu zake zote, pumzi ameikata. Kulikuwa na nyenze. Nyenze, na nyenze, na chini ya hao nyenze hapakuwa na kitu. Akawatazama wanawake. Melania alikuwa akitikisa kichwa kwa mpigo. Vidole vya miguu vilikuwa vikigonga tope. Msichana mmoja alikuwa tayari ameokota ubeti katikati na kuuendeleza kwa midomo.

"Unasikia?" Melania aliuliza. Kisha akakaribia, na ucheshi ukamtoka usoni. "Mama Luka. Husikii?"

Woga uliompata Mbuke hapo ulikuwa wa kweli, si ule wa kuibiwa wimbo. Yeye ni mtoto wa manju, kiongozi wa ngoma. Sikio ndilo alilorithi, mali nyingine hapakuwa. Akageuka ili machozi yasionekane, ndipo macho yake yakamwangukia Juliana.

Juliana naye alikuwa akisikiliza. Alikuwa amesimama vilevile, shavu limegeuzwa, macho pembeni, uso wa mtu aliyenusa kitu kibaya. Lakini mbele yake hapakuwa na shangazi wa kudharau safari hii. Mbele yake palikuwa na ghala. Alikuwa amelielekezea sikio la kulia, na paji lake la uso lilikuwa limekunjamana kwa kujitahidi.

Mbuke alimwendea polepole.

"Juliana."

Hakugeuka. Mbuke alikuwa upande wake wa kushoto, upande wa spika. Hatua mbili tu kati yao.

"Juliana!"

Hakugeuka. Mpaka Mbuke alipomgusa bega ndipo aliposhtuka, akamgeuzia uso upande, kama kawaida yake, akampa sikio lile jingine.

"Mjini ulikwenda hospitali," Mbuke alisema.

Juliana alitikisa kichwa kukubali. Alianza kusema, akakumbuka, akapaza sauti. "Daktari aliniuliza kama nafanya kazi kwenye karasha. Anasema wa masikio haya huwa wanatoka kwenye karasha na machimboni. Nikamwambia mimi ni mwimbaji. Akacheka. Halafu alipopima akaacha kucheka." Alijigusa upande wa kushoto. "Hili limeharibika, shangazi, na lililokufa halirudi. Hili jingine amesema nilitunze, nikae mbali na spika."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema ngoma iliyotoboka haina haja ya kuanikwa."

Mbuke alisimama na tope lake mguuni. Akawakumbuka wale wote waliokuwa wakinong'ona.

"Na kule nje ya ghala, mlikuwa mnanong'ona nini?"

Juliana alimwangalia kwa huruma, na huruma hiyo ilimchoma Mbuke kuliko tusi. "Hatukuwahi kunong'ona, shangazi. Tulikuwa tunaongea."

Upepo ulipita juu ya mpunga. Melania na wenzake walikuwa wamesimama na miundu yao, wakijifanya hawatazami. Mbuke aliwaza juu ya Abel na pamba yake, na Philomena, ambaye siku hizi anauza maandazi na kuwapa watu chenji isiyo sahihi kwa sababu hasikii walichoagiza, na watu wanasema anaiba. Aliwaza juu ya wale walio ghalani wakati huu, wakirudia ubeti mpya mlango umefungwa, kwa amri yake, mpaka arudi.

Alitaka kumwomba msamaha binti wa kaka yake. Maneno ya namna hiyo huwa yanasemwa polepole, mdomo ukiwa karibu na sikio, watu wengine wasijue. Alijaribu hivyo.

"Unasemaje?" Juliana aliuliza.

Mbuke akazunguka, akahamia upande wa kulia. Akarudia kwa sauti ya wastani.

"Shangazi, sikupati vizuri. Upepo."

Basi Mbuke, ambaye mwaka mzima alikalia ndoo ya simu ili neno lisitoke, alivuta pumzi kutoka tumboni kama alivyofundishwa na baba yake, akamwomba Juliana msamaha kwa sauti ya uwanjani. Alisema kosa lake lote. Akasema na yeye hasikii. Majaruba yote yalisikia, na dada yake Jilala akiwemo.

Kisha akamshika mkono, wakapanda pamoja kwenda kufungua ghala.